Miguu Haimo

Supamaketi mpya ya Chumbageni ina baridi ya mochwari.
Nimesimama mbele ya friji, kanga mabegani,
nimemshika kuku kwa mikono miwili kama mtoto wa mtu.
Kavikwa nailoni. Kabandikwa karatasi ya kijani:
AMEFUGWA HURU, KWA UPENDO.
Chini yake, kwa herufi za sisimizi: kilo moja na nusu.
Chini zaidi: elfu kumi na nne.

Mimi kuku namsoma kwa kidole.
Nabonyeza ncha ya kidari. Ikipinda kama sikio,
huyo hakumaliza hata wiki sita duniani;
ikigoma, amewahi kunyeshewa.
Huyu kapinda.
Namgeuza nitazame magoti,
maana kuku aliyelalia mavi yake goti hubabuka,
doa la kahawia, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shuka.
Miguu haimo.
Imekatwa juu ya goti, sawasawa, kwa ustadi.
Shahidi hakuitwa.

Namuuliza kijana wa friji, KIHIYO, jina liko kifuani:
"Huru wapi?"
Anacheka. "Mama, mie napanga tu."
"Na firigisi?"
Kuku mzima bila firigisi!
Baba mkwe akiteremka kutoka Maramba nimpe nini,
karatasi ya kijani?

Lakini nisijifanye.
Mwaka ule wa mkopo wa kikundi nilifuga mia mbili,
chumba cha uani, Mikanjuni, madirisha nimeyaziba kwa viroba.
Taa sikuizima hata usiku mmoja: wale, wanenepe.
Siku ya thelathini walikuwa wazito kuliko mifupa yao,
wakiyafuata maji kwa kujiburura vifua.
Alfajiri nikiingia na ndoo kuokota waliokufa,
waliobaki hawakukimbia.
Hilo ndilo lililonikaa. Kuku asiyemkimbia mtu.
Hotelini nilisema: wamelelewa nyumbani.
Na si uwongo. Kile kilikuwa chumba cha nyumbani.

Na huyo wa Mgandini, wa kienyeji, tunayemsifu?
Kweli, kaparura, kaonja panzi, kagombana, kalala juu ya mpera.
Kisha siku yake ya mwisho kaja kutoka Muheza
kichwa chini, kamba miguuni,
yeye na wenzake ishirini kwenye usukani wa pikipiki,
mdomo wazi, jua la saa sita limemkodolea.
Elfu ishirini na tano, na nyama yake ugomvi na jino.
Haya, nipigieni hesabu:
miezi minane ya uhuru,
toa saa mbili za kuning'inia.
Mizani ya dukani haina jiwe la hilo.

Nilimnunua wa nailoni. Pochi nayo ina ulimi wake.
Nyumbani nikamweka kwenye bakuli ayeyuke,
nikapima maji kwa kikombe cha chai:
kimoja, na nusu nyingine.
Nimelipia barafu bei ya kidari.
Paka akaja, akanusa, akaenda zake.

Asubuhi yake, kibandani kwangu Barabara ya Kumi na Tatu,
ubao umesimama pale pale nilipouegemeza juzi:
SUPU YA KUKU WA KIENYEJI.
Fundi Mng'anya kavuta benchi,
kakamua ndimu, kaonja,
kafumba jicho moja.
"Bi Riziki, huyu wa kienyeji kweli?"

Nikachukua kitambaa cha meza, kimelowa,
nikafuta maneno mawili ya mwisho.
Chaki haikutoka yote.
Ukiinama kidogo, yanasomeka.